Njahi Moja Mkebeni

Mwezi uliopita nilirudisha buti za kazi, nikakabidhi ufunguo wa stoo, nikaenda nyumbani kupumzika. Siku tatu hazikuisha kabla Kevo hajanipigia simu. Kevo ndiye anayeongoza vikundi sasa, kijana mzuri mwenye miguu mirefu na mdomo mrefu zaidi. "Madam Njeri," akasema, "si utuandikie tips? Kama kumi hivi, za kushika group vizuri. Tutazibandika kwa ofisi." Nimekaa na kalamu wiki nzima, na tips kumi zimekataa kuja. Yaliyokuja ni haya, na hayawezi kubandikwa ukutani. Mambo ya vyeo na mshahara nimeyaacha. Nitawaeleza nilivyoanza, aliyenifundisha, na siku moja kwenye mlima Kilimambogo ambayo mpaka leo ikinijia nikiosha vyombo nacheka peke yangu, halafu jasho linanitoka.

Nilianza mwaka wa tisini na moja. Nilikuwa nikiishi Makongeni na mama yangu, na kiwanda nilichokuwa nikishona magunia kilikuwa kimepunguza watu, nami nikapunguzwa. Jirani yetu, Mzee Ramadhani, alikuwa na kazi ambayo mtaa mzima haukuielewa: kuwapeleka watu porini na kuwarudisha. Baba yake alitoka upande wa Tabora, mama yake alikuwa Mkamba wa Yatta, na yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa Thika. Ujanani alizunguka nchi akiwabebea wapima ardhi vyombo vyao. Alipochoka kubeba akaanza kuongoza: wanafunzi, makanisa, wafanyakazi wa viwandani, yeyote aliyetaka kuona maporomoko ya maji au kupanda kilima. Mama yangu alipoelezwa alishangaa sana. "Watu wapelekwe kutembea? Kwani hawana miguu?"

Mzee alinichukua kwa sababu ya maji. Mifereji ya mtaa ilikuwa imekauka, na siku moja aliniona nikipanda kutoka mtoni na jerikeni mbili, nikisimama kila baada ya hatua chache kumngoja mama mmoja mjamzito aliyekuwa nyuma yangu. "Wewe unaangalia nyuma," akaniambia. "Wenye miguu ni wengi, binti yangu. Wanaoangalia nyuma ni wachache. Njoo Jumamosi." Nilidhani ananitania. Jumamosi nikaenda.

Kama mnadhani nilipewa kikundi, pole. Nilipewa sufuria. Tulikuwa tunawapeleka wanafunzi arobaini kwenye maporomoko ya Fourteen Falls, na kazi yangu ilikuwa chai. Nikabeba majani, nikabeba maziwa, nikabeba vikombe, nikasahau sukari. Mzee hakunigombeza. Alinionyesha tu barabara ya kwenda dukani, mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na niliporudi nikiwa mwekundu kwa vumbi akasema, "Sasa hutaisahau." Kweli sijaisahau tena. Hata siku ya kustaafu nilijikuta nimetia pakiti ya sukari kwenye mkoba.

Nilipika chai karibu miaka miwili. Mzee aliamini kwamba mtu akiwa jikoni huona kikundi kilivyo, maana watu wakichoka huja motoni kusema ukweli. Nikajifunza kwamba yule anayecheka kwa sauti kubwa asubuhi ndiye atakayekaa chini wa kwanza. Nikajifunza kutomwambia mtu aliyechoka kwamba tumekaribia. Mwambie bado kona sita, na ziwe sita kweli. Ukimdanganya mara moja, hata ukimwambia kuna nyati mbele hatakuamini. Na lile kubwa, ambalo vijana mnaobaki najua linawachosha: yule anayeenda polepole kuliko wote anawekwa mbele, na wote wafuate mwendo wake. Mwenda pole hajikwai, na Mzee aliongeza kwamba walio nyuma yake hawajikwai pia.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Filimbi, kamba ya katani, chumvi, plasta, sindano na uzi, mkebe wa majani chai wa kuwekea vitu vidogo, na soksi. Soksi nyingi. Wakati mmoja tulipata familia kadhaa za mtaa wa Kahawa Sukari, na kati yao bwana mmoja alikuwa na buti mpya zinazong'aa, ndio kwanza zimetoka kwenye boksi. Nilimshauri avae raba zake kuukuu. Akanieleza kwa upole kwamba buti hizo zimetengenezewa milima ya Ulaya. Huenda kweli, ila hatukuwa Ulaya. Kufikia saa nne alikuwa anatembea kwa vidole, na kufikia saa sita alikuwa amevaa jozi mbili za soksi zangu na ndara za mke wake. Viatu vipya ni vya kwenda kanisani.

Wanafunzi wa chuo nao walikuwa na yao. Tuliwapeleka kupiga kambi karibu na bwawa la Ndakaini, nikawaonyesha mahali pa kusimamisha hema. Mmoja akaniambia, "Relax, madam, hii ground tumei-check." Walikuwa wamesimamisha hema katikati ya njia ya siafu. Jua halijazama, kijana yule alitoka mbio amevaa chupi tu, na wenzake nyuma yake, wakiruka na kujipiga makofi. Niliwapa chai. Sikusema neno, lakini naona uso wangu ulisema, maana kwa siku mbili zilizobaki walinisikiliza kama mama yao.

Basi miaka ikaenda hivyo, na kufikia katikati ya miaka hiyo ya tisini nilikuwa nikisaidia kuongoza vikundi, mimi nyuma, Mzee mbele. Kisha goti lake likaanza kumsumbua. Mteremko ulikuwa unamtoa machozi. Nasi tukaona kila mtu anavyofikiri: walimu na wachungaji waliokuja ofisini walinitazama, wakatazama juu ya kichwa changu, wakauliza, "Mzee yuko wapi?" Mwanamke wa kuwapeleka watu kwenye nyati hawakumtaka. Mzee aliniita nje, akakaa juu ya ndoo.

"Njeri, kuna kina mama wa Theta wanataka Kilimambogo. Goti langu limekataa, utawapandisha wewe. Mimi nitakaa langoni na chai. Ukiwarudisha wote, vikundi ni vyako na mimi nitakuwa mpishi wako. Akikosekana hata mmoja, nafunga hii kazi, na wewe utafute nyingine. Siwezi kumpa mtu roho za watu kwa kumwonea huruma."

Niliipenda kazi ile kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho. Usiku huo sikulala vizuri, sitaki kuwadanganya.

Kina mama hao walikuwa wakulima. Tangu wazaliwe walikuwa wakiuona Kilimambogo kila asubuhi ng'ambo ya mashamba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuukanyaga. Kwa Kikuyu tunauita Kianjahi, mlima wa njahi, yale maharagwe meusi anayopikiwa mama aliyejifungua, na mvua kubwa ya mwanzo wa mwaka nayo tunaiita ya njahi. Kwao ulikuwa mlima wa mvua. Mwenyekiti wao, Mama Nyokabi, aliniambia, "Hiyo mlima imetuangalia miaka yote. Sasa tunataka tupande tujiangalie." Walijiandaa mwaka mzima. Kila Jumapili baada ya ibada walitembea mpaka Juja na kurudi, wamevaa raba na marinda yao ya kanisani.

Tulifika langoni mwa hifadhi saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa basi la kukodi. Tukapewa askari wa kutusindikiza kwa sababu ya nyati, kijana aliyeitwa Mutua, mwembamba, bunduki yake ikionekana nzito kuliko yeye. Kina mama walikuwa na mifuko ya viazi vitamu na mukimo, na kilo moja ya njahi kavu kama zawadi ya Mzee. Nikawapanga mstari kama nilivyowapanga wanafunzi mara mia, nikanyoosha kidole, nikaanza: "Moja, mbili, tatu, nne…" Nilifika saba.

"We kairitu! Shusha hiyo kidole!"

Aliyeniita msichana kwa kelele hivyo ni Cucu Wangari, bibi kizee mfupi mwenye fimbo, mkubwa wao wote kwa umri. "Nani alikufunza kuhesabu watu? Sisi ni mbuzi? Andu matitaragwo!"

Watu hawahesabiwi. Mimi ni Mkikuyu na nilijua. Bibi yangu hakuwahi kutaja ana wajukuu wangapi. Ukimuuliza, alikwambia wapo. Ukiwahesabu watu kwa kidole unaita mkosi, na mmoja atapungua. Lakini nimelelewa mtaani, nikahesabiwa shuleni, nikahesabiwa kiwandani asubuhi na jioni, mpaka likanitoka kichwani kabisa. Kina mama wakaanza kurudi nyuma kuelekea basi. Nilimtazama Mzee anisaidie. Alikuwa anakoroga chai, na chai yenyewe ilikuwa haijatiwa majani.

"Cucu, nisamehe," nikasema. "Lakini nitajuaje kama nimewarudisha wote?"

"Hiyo ni shida yako."

"Mama Nyokabi ako na karatasi ya majina," mmoja akasema.

"Hiyo karatasi ni ya zamani," Mama Nyokabi akajibu. "Wengine wametuma dada zao, wengine bibi za vijana wao. Hata mimi siwajui wote."

Mwishowe Cucu mwenyewe ndiye aliyetuokoa. Alifungua ule mfuko wa zawadi, akasema, "Leta mkebe. Kila mtu aweke njahi yake. Wewe hesabu njahi mpaka ushibe. Hakuna mtu alikufa juu ya njahi kuhesabiwa."

Kina mama wakacheka, mambo yakatulia. Nami nikijiona mwerevu nikaongeza sharti langu: "Na tukirudi, kila mtu achukue yake kwa mkono wake mwenyewe. Mtu asimchukulie mwenzake." Wakapita mmoja mmoja, njahi zikadondoka mkebeni. Nikajitenga kando nikazihesabu mara mbili. Thelathini na moja. Nikamwachia Mzee mkebe. Hapo ndipo nilipokosea. Kwa kuogopa kugombezwa tena, sikuwatazama kina mama wenyewe kulinganisha, hata kwa macho tu na mdomo umefungwa. Niliuamini mkebe.

Njia ya kupanda ni barabara ya udongo inayojipinda msituni kona baada ya kona. Cucu Wangari nilimweka mbele, na wote nyuma yake. Tulienda polepole mpaka Mutua akaninong'oneza, "Madam, hii ni safari ama ni mazishi?" Nikamwambia anyamaze. Saa mbili baadaye kina mama walikuwa bado wana pumzi ya kuimba, na Mutua alikuwa ameomba maji mara mbili. Kila tulipopumzika niliwaambia kona zilizobaki, kwa idadi kamili. Kona hazina mkosi. Na kila palipokuwa na uwazi kwenye miti, Cucu alisimama, akageukia upande wa Theta, akainua fimbo yake juu, akaishusha, akaendelea. Nilidhani ni namna yake ya kupumzika bila kukubali kwamba anapumzika.

Tulifika juu karibu saa sita. Nimepanda mlima ule mara nyingi tangu wakati huo, na sijapata tena kuona furaha kama ile. Walikimbia huku na huku wakioneshana. Thika ile, na moshi wa viwanda. Ruiru ile pale. Mashamba ya mananasi yamepangwa safu safu. "Ona mabati yangu!" "Hayo si yako, yako yameshika kutu!" Mawingu yakafunguka upande wa kaskazini, na Kirinyaga, ndio Mlima Kenya, ukatokea na theluji yake, kwa dakika tano tu. Wote wakauelekea, wakainua mikono wakaomba. Mama Nyokabi akafuta macho akasema ni upepo. Cucu Wangari aligonga ardhi kwa fimbo mara mbili, akibisha hodi. "Kumbe mvua yetu inalala hapa," akasema. Nilijisikia mwenye bahati kuwa pale, na nilitamani Mzee angekuwepo anione.

Kushuka ndiko kunakoumiza watu, nanyi mnalijua hilo, basi niliwashusha kwa upande upande, hatua fupi fupi. Saa tisa na nusu tulikuwa langoni. Mzee alikuwa ameshika mkebe kwa mikono miwili. Cucu alichukua njahi yake wa kwanza, akapanda basi akajilaza kiti cha nyuma. Wengine wakafuata wakicheka. Wapo walioifunga njahi kwenye ncha ya leso, wapo walioitia mdomoni. Wa mwisho alipochukua yake, Mzee akanipa mkebe. Nikautikisa.

Ukalia.

Nikachungulia. Njahi moja.

"Nani hajachukua?" nikauliza. Kila mtu akafungua kiganja au mdomo, au akanionyesha fundo la leso. Sasa nikawatazama kwa macho, midomo nimeifunga, pamoja na Cucu aliyelala ndani ya basi. Thelathini. Nikarudia. Thelathini.

"Nani hayuko?" Wakaangaliana. Wa Theta ya juu walidhani ni wa Theta ya chini, wa chini wakadhani ni wa juu. "Kuna mwingine alikuwa na sweta ya kijani," mmoja akasema. "Si ni mimi," akajibu mwenye sweta ya kijani. Mama Nyokabi akashika kichwa. "Ulituhesabu," akaniambia kwa sauti ndogo. "Ulifika saba."

Sikufikiria kazi wakati huo, naapa. Nilifikiria mama mmoja amekaa kwenye jiwe huko juu na mguu umeteguka, anangoja, naye hajui kama kuna anayejua. Mutua akatazama saa yake. "Saa kumi na moja hizo nyati hushuka kwa barabara. Tukienda, twende saa hii."

Mzee alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu.

"Mzee, hapana. Goti."

"Nitajikokota."

"Utanifanya nitafute watu wawili," nikamwambia. Ndiyo mara ya kwanza kumkatalia. Alinitazama, kisha akafungua zile kamba. Tukapatana kwamba dereva akisikia lolote atapiga honi ndefu tatu, nasi turudi.

Nilipanda kile kilima mbio, Mutua nyuma yangu. Nilipiga filimbi kila kona, nikanyamaza kusikiliza. Shida yangu kubwa ilikuwa kwamba sikuwa na jina la kuita. Nikaita "Mama!" tu. Kwenye kona ya tano tukakuta kitambaa cha kichwa, chenye maua mekundu, kimenasa kwenye mwiba kando ya barabara. Mutua alikigeuza kwa ncha ya kidole. "Aiya," akasema. Nikakifunga mkononi nikaanza kulia huku nakimbia, na kulia huku unapanda mlima ni kazi bure, hewa haitoshi kwa vyote viwili.

Kona ya nane Mutua akanishika bega. Nyati dume, mzee, peke yake, amesimama katikati ya barabara anatafuna. Tukasimama. Akatutazama kwa muda mrefu. Mutua alikuwa ametoa bunduki begani. "Madam," akanong'ona, "hapa hatupiti." Nikamwambia lazima tupite. Akasema, "Basi pitia wewe." Sikuweza kurudi, na sikuweza kwenda mbele. Hiyo ndiyo dakika mbaya kuliko zote nilizopata kazini.

Ndipo honi ikalia kule chini. Moja. Mbili. Tatu. Kisha dereva, kwa furaha au kwa ujinga, akaongeza ya nne na ya tano. Hata nyati alishtuka, akageuka akaingia msituni. Nilikaa chini pale pale kwenye udongo nikacheka mpaka Mutua akadhani nimerukwa na akili.

Langoni kina mama walikuwa wamemzunguka Cucu Wangari, na wote wanasema kwa pamoja. Ilikuwa hivi. Mama Nyokabi alikwenda kumwamsha anywe chai. Cucu akauliza, "Kairitu yuko wapi?" Akaambiwa nimerudi mlimani, kuna njahi imebaki. Cucu akaruka kutoka kitini, kikongwe yule, akapiga ukelele. "Wui! Si hiyo ni ya Muthoni!"

Muthoni alikuwa mwenzake wa rika. Walitahiriwa pamoja, wakaolewa mwaka mmoja, na safari hii ya mlima wao wawili ndio walioianzisha. Wiki tatu kabla, Muthoni alianguka shambani akavunjika nyonga. Akamwambia Wangari, "Nenda, lakini usiniache." Basi asubuhi Wangari alitia njahi mbili, yake na ya Muthoni. Na kule juu aliinua fimbo kila mahali palipo wazi kwa kuwa walikuwa wamepatana kwamba Muthoni atakuwa nje ya nyumba anaangalia.

"Cucu!" nikamwambia, na sauti yangu haikuwa nzuri. "Mbona hukuchukua zote mbili? Nimekutana na nyati!"

"Wewe ulisema nini asubuhi?" akanijibu, naye amekasirika kunizidi. "Kila mtu kwa mkono wake. Mtu asimchukulie mwenzake. Mimi nimetii."

Mama Nyokabi naye akaona kitambaa kwenye mkono wangu. "Hicho ni changu! Nimekuwa nikifikiria ni Wairimu ameniibia!" Wairimu akaanza kudai aombwe msamaha, na kelele zikarudi upya. Nikamwendea Mzee pale kwenye moto. Nilimwambia ukweli wote: sikuwatazama watu, nilihesabu njahi tu, kosa ni langu.

"Kosa ni lako," akakubali. "Jumamosi ijayo kuna kanisa la Ruiru, wanataka maporomoko ya Chania. Watu hamsini. Utawapeleka wewe." Akanimiminia chai. "Na hawa bado hujamaliza kuwarudisha. Kuna mmoja hajachukua yake."

Dereva alinung'unika kidogo, kisha akatupitisha. Tulifika Theta jua likiwa linatua. Basi halikuweza kuingia kijia cha kwenda kwa Muthoni, hivyo kina mama wote wakashuka wakatembea, thelathini, na mimi mbele na mkebe, na Mzee nyuma akichechemea na goti lake. Muthoni alikuwa nje ya mlango, kwenye kiti cha mbao, mguu mmoja umenyooshwa juu ya kigoda, uso umeelekea Kilimambogo. Alikuwa amevaa rinda lake la kanisani, na raba nyeupe miguu yote miwili, kamba zimekazwa vizuri. Mkaza mwanawe akatuambia kwamba alidai avalishwe tangu alfajiri, na mchana kutwa alikataa kuvuliwa.

Nikapiga magoti, nikamshikia mkebe. Akaingiza mkono, akapapasa, akaitoa njahi, akaikunja kiganjani. Kisha akashusha pumzi ndefu, akaegemea kiti.

"Haya, mwari wakwa," akasema, akiniita binti yake. "Nivue viatu. Hii miguu imechoka sana."